Nyumba ya Fundi, Ardhi ya Bibi

Mume wangu hakutaka kabisa kusikia habari ya kununua nyumba Dar es Salaam. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali, Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye mji, na kila mwezi aliweka kando kidogo kwa ajili ya nyumba aliyokusudia kuijenga kwao Moshi, ndani ya kihamba cha migomba alichorithi kwa baba yake. Mama yake alikuwa akiingoja nyumba hiyo. Kila barua yake, aliyoandikiwa na mwalimu wa kanisani, iliishia na swali moja: mawe ya msingi yataletwa lini? Mimi nami natoka mlima huo huo, lakini niliolewa nikaletwa mjini nikiwa msichana, na nilichokitaka kilikuwa mlango wangu mwenyewe, hapa nilipokuwa naishi, si pale nitakapokwenda kuzeekea. Akiba ilikuwa moja, na isingetosha nyumba mbili.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Ilala, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Kila chumba na familia yake, kila mwanamke na mafiga yake uani. Sisemi kuwa tuliishi vibaya. Katika ua ule nilijifunza kukuna nazi, nilijifunza kukaa na watu wa Lindi, Rufiji na Unyamwezini, na nilijifunza kugombana na mtu asubuhi kwa zamu ya kufagia choo kisha adhuhuri kumwazima chumvi. Lakini mwenye nyumba, mama mmoja mnene aliyeshinda barazani akisuka ukili, alikuwa na jicho kali. Siku moja aliniangalia tumboni kabla sijamwambia mtu yeyote.

“Huyo wa nne atalala wapi?” akauliza. “Chumba nilimpangisha karani, mkewe na mtoto mmoja. Mie sikupangisha shule.”

Nilicheka, lakini neno lile lilinichoma. Tangu siku hiyo nikaanza kutembea kuangalia nyumba za watu, mwanangu wa kwanza nikiwa nimembeba mgongoni.

Lazima niseme kuwa nina ugonjwa wa kuuliza. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba serikali ingeniajiri mimi kuhesabu watu ingemaliza kazi kwa wiki moja. Nilikuwa napita mbele ya nyumba inayojengwa, nasimama, nasalimia, naanza: fito hizi zimekatwa wapi, udongo umechimbwa wapi, nani anakandika, mvua ikija upande huu maji yatakwenda wapi? Watu wa Dar ni wema kwa mtu anayeuliza. Walinieleza mpaka nikajua mambo ambayo hayakunihusu. Kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba nyumba ikiuzwa, wanunuzi hawakuanza kuuliza vyumba vingapi. Waliuliza mlango ni wa mti gani. Niliona kwa macho yangu mtu anahama Ilala kwenda Temeke, amepakia kwenye mkokoteni milango miwili, madirisha na boriti, na nyuma yake zimebaki kuta za udongo zimesimama wazi. Mimi nilikotoka nyumba haihami. Nilimfuata mwenye mkokoteni hatua kadhaa kwa mshangao tu.

Katika kuzunguka huko ndipo nikamfikia fundi. Alikuwa seremala mtu wa Kilwa, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na alitaka kurudi kwao kushika shamba la baba yake. Nyumba yake ilikuwa Kinondoni, na siku hizo Kinondoni ilikuwa minazi mitupu na mihogo, na vijumba vimejificha katikati. Vyumba vinne, kuta za udongo, paa la makuti isipokuwa upande mmoja alioezeka kwa madebe yaliyopasuliwa. Milango ilikuwa ya mninga, kaichonga mwenyewe. Bei aliyotaja ilikaribia kumeza akiba yetu yote.

Nilimuuliza habari ya mchwa akanionyesha walipokula. Nilimuuliza paa linavuja wapi akanionyesha. Sijapata kuona muuzaji mkweli namna ile, na ukweli wake ndio uliozidi kuniponza.

“Na kiwanja?” nikauliza mwisho.

“Nyumba yangu, ardhi ya bibi,” akasema. “Bibi mwenye shamba hili yupo hapo mbele, baada ya kisima. Kila mwaka unampelekea chake. Na minazi hii mitatu ya uani ni yake, mkwezi wake anakuja kuangua. Mwanamke hana shari.”

Nikaona hilo jambo jepesi. Kwetu pia ardhi ina wenyewe, kuna ukoo na kuna mangi, mtawala wetu, unapeleka heshima unayopaswa kupeleka, kisha unalima na kupanda na hakuna anayekuuliza. Nikadhani bibi wa Kinondoni ni mangi aliyevaa kanga. Ajabu ni kwamba mimi, niliyeuliza mpaka habari ya mchwa, sikuuliza kitu kingine zaidi juu ya huyo bibi.

Mume wangu aliposikia bei alicheka kicheko kisicho na furaha. “Nimwambie mama mawe ya msingi nimenunulia makuti?” Tulibishana kama wiki mbili. Mwishowe fundi mwenyewe ndiye aliyetuokoa. Alikuwa na vitanda vya watu hajavimaliza, akasema atahamia kwa ndugu yake kwa miezi mitatu. Sisi tupange nyumba tuionje, na siku ya kuondoka kwake tumpe jibu: tunainunua au tunatoka aje mwingine. Kodi aliyotaka ilikuwa chini ya ile ya Ilala.

“Miezi mitatu,” mume wangu akaniambia, “halafu hutaniambia tena habari ya nyumba.”

Tukahama. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango wa nyuma, nikaufunga, nikaufungua tena, hakuna mtu aliyeniuliza ninafanya nini. Niliutazama mwanga ulivyopita kati ya minazi mpaka ugali wa mtoto ukaungua. Nilifurahi kupita kiasi. Mume wangu alipanda baiskeli kwenda kazini akilalamika juu ya mchanga, nami nikabaki nikizunguka ua, napima kwa hatua, najiuliza wapi nitaweka kuku.

Sasa nieleze kosa langu. Kwetu mlimani kuna mmea unaitwa isale, wenye majani marefu ya kijani kibichi, haufi hata ukiukata. Tunaupanda mistari kuzunguka kihamba. Yule anayepanda masale anawaambia majirani: mimi nimeishia hapa, sivuki. Mtu asiyepanda ndiye anayeogopwa, kwa sababu hujui atasogea mpaka wapi. Basi mimi, kwa nia ya kuwa jirani mwema, nikamwagiza abiria mmoja wa basi la Moshi akaniletea vijiti vya masale vimefungwa kwa magome ya mgomba. Nikavipanda pande mbili za ua, mstari ulionyooka vizuri. Pembeni nikapanda na mgomba mmoja. Mume wangu aliporudi jioni alishuka kwenye baiskeli akasimama akiangalia. Nikajua atanikaripia. Alikiona kijiti kimoja kimelala, akakisimamisha, akashindilia udongo kwa kiatu chake cha ofisini, akaingia ndani.

Wiki chache baadaye bibi alikuja na mkwezi wake. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Alikuwa mwembamba, mfupi, kajifunga kanga moja na nyingine kajitanda kichwani, anatembea kwa haraka kama msichana. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Alikuwa ameyaona masale.

Aliketi chini pale pale mchangani. Akayahesabu moja moja kwa kidole, kwa sauti. Alipofika kwenye mgomba akainua uso.

“Nani kakwambia unipimie shamba?” akaniuliza.

Kabla sijajibu akapaza sauti kuwaita majirani wawili waliokuwa wanatwanga. “Njooni muone! Njooni muone kwa macho yenu, kesho msiniambie hamkuwepo!” Wakaja, wakatazama, wakashika midomo. Bibi akainuka, akamwita mkwezi ambaye tayari alikuwa amefunga kamba miguuni, wakaondoka. Nazi zikabaki juu.

Nilibaki nimesimama, sijui nimetukana nani. Fundi alikuja mchana akihema, habari ilikuwa imemfikia mpaka kwa ndugu yake. Aliyaona masale akashika kichwa.

“Dada, nyie watu wa bara mtaniua. Nyumba ya udongo hapa ni sawa na mkeka, unaukunja unakwenda zako. Hata ukae miaka ishirini hakuna neno. Mti ndio neno! Mtu akipanda mti juu ya ardhi ya mtu, kesho anasema pana changu hapa, na mwanawe anasema mama yangu ndiye aliyepanda. Bibi kawapa watu shamba zima wajenge, lakini hakuna aliyepanda hata mpapai bila ya ruhusa yake. Na wewe umemzungushia uzio!”

“Si uzio,” nikasema. “Ni kumwambia kwamba sisogei.”

“Yeye kasikia umeshafika, hutoki tena.”

Niliona aibu, kisha nikaona hasira, kisha nikasema nitayamaliza mwenyewe. Na hapo nikaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Kwetu ukimkosea mtu, unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unamwendea nalo. Hata awe amekasirika vipi, akiliona jani lile hawezi kukataa kukusamehe. Sikumngoja mume wangu arudi. Nilichuma jani zuri kuliko yote, nikalifunga, nikaenda na tumbo langu mpaka nyumbani kwa bibi. Nikampigia magoti barazani, nikaliweka jani miguuni pake, nikainamisha kichwa nikingoja neno la msamaha.

Nilichosikia ni ukelele. Mkwe wake alikuwa amelidondosha sinia. “Kafunga fundo! Kamletea bibi uchawi!” Bibi alivuta miguu juu ya mkeka kwa upesi nisiodhani anao. Mtu akaja na ufagio akalisukuma jani mpaka nje, mwingine akawa anasoma dua kwa sauti, na mimi niko pale pale magotini nasema si hivyo, si hivyo, kwetu hili ni jema. Hakuna aliyenisikia. Nilitoka pale karibu ya kukimbia, na njia nzima nililia.

Nilipomweleza mume wangu aligeuza uso ukutani. Nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa anajizuia, na aliposhindwa alicheka mpaka akavua miwani. “Umempelekea Mwislamu wa Pwani jani la fundo,” akasema, “na siku ile ile aliyokuita mnyang’anyi!” Mimi sikucheka. Sasa nacheka.

Jumapili tulikwenda kama fundi alivyotuelekeza: sukari, majani ya chai na doti ya kanga, na fundi ndiye aliyesema kwa niaba yetu. Tulimtaka radhi kwa kosa la ugeni. Bibi alipokea, akaviweka pembeni bila ya kuvitazama. Halafu, mambo yakiwa yamekwisha, akanigeukia. Nikagundua kuwa na yeye ana ugonjwa kama wangu.

“Lile jani,” akasema, “kwenu linasema nini hasa?”

Nikamweleza. Akauliza: na mtu akilikataa? Nikasema hakuna anayelikataa. Akauliza: na aliyekosa akirudia kosa? Nikamwambia hapo sijui, sijaona. Akauliza habari za mangi, za migomba, ng’ombe wa ndani, kama kweli tunalala na ng’ombe nyumba moja. Tulikaa mpaka wanaume wakachoka kutungoja. Na mimi nikamuuliza ya kwake. Akanieleza kuwa shamba alipewa na babu yake, mti kwa mti, kwa majina. Aliiona minazi ya shangazi yake ikipotea kwa mgeni aliyeomba kupanda mchungwa mmoja tu wa kivuli. Walipofika mbele ya liwali, mgeni alionyesha mchungwa.

“Wewe nimekusamehe,” akasema tulipoaga. “Ila utang’oa. Vyote.”

Nikang’oa kesho yake, yeye akiwa amesimama pale. Isale haling’oki kirahisi. Mgomba ulikuwa umeshatoa jani jipya. Mikono yangu ilichubuka, na kila nilipovuta kimoja niliona wazi zaidi nilichokuwa nakitaka. Sikuwa nataka kuta nne za udongo. Nilikuwa nataka mahali pa kupanda kitu. Nyumba ya fundi tungeinunua kwa akiba yetu yote, na bado tungekuwa wapangaji juu ya mchanga wa mtu, tofauti yake ni kuwa kodi tumelipa kwa mkupuo.

Jioni nikamwambia mume wangu: “Umeshinda. Peleka fedha Moshi. Tutafute chumba, turudi kupanga.”

Nilitegemea afurahi. Alisema tu “Haya,” akaenda kusimama mlango wa nyuma, akaangalia ua uliokuwa mtupu. Jumamosi iliyofuata aliendesha baiskeli mpaka Magomeni kuulizia vyumba. Aliporudi alisema kimoja kina giza, kingine mwenye nyumba mlevi. Jumamosi nyingine akaenda Temeke. Kule nako, akasema, chumba kizuri lakini mbali. Mimi nilikuwa nimeshafunga vyombo nusu. Sikumsukuma, maana tumbo lilikuwa limenilemea.

Mtoto alizaliwa kabla hatujapata chumba, pale pale kwa fundi, kwa mikono ya mkunga wa mtaani. Msichana. Majirani wale wale waliokuja kuwa mashahidi juu yangu ndio walionikanda kwa maji moto na kunipikia uji wa pilipili manga. Bibi hakuja. Alituma madafu.

Barua ya mama mkwe ilifika upesi kuliko ilivyokuwa desturi. Alimshukuru Mungu, akauliza tena mawe ya msingi, na akaagiza jambo jingine: kitovu cha mtoto kikidondoka kitunzwe, kipelekwe kwake na mtu mwaminifu, akakifukie mwenyewe kwenye shina la mgomba. Ndivyo tunavyofanya. Kitovu cha mume wangu kimefukiwa pale, na cha baba yake. Kilipodondoka, mume wangu alikifunga katika leso safi, akaongea na mtu wa basi wa siku ya Jumatatu.

Jumapili ilikuwa ndiyo mwisho wa miezi mitatu ya fundi. Angekuja alasiri kuchukua jibu, na jibu tulikuwa nalo. Saa nane mchana akaingia bibi. Aliketi kitandani, akampokea mtoto, akamkagua kila kiungo kama mtu anayenunua kitu sokoni. Akafunua nepi.

“Kimeshadondoka. Mmekifukia wapi?”

Mume wangu akasema kinakwenda Moshi kesho. Akamwonyesha leso.

“Kwa basi?”

“Kwa basi, bibi.”

“Mtoto kazaliwa wapi?”

“Hapa.”

“Hapa wapi? Sema vizuri, wewe karani.”

“Chumba hiki, bibi.”

Bibi alimrudisha mtoto mikononi mwangu, akainuka, akatoka uani. Tulimwona kwa mlangoni. Alizunguka minazi yake mitatu, akaupiga kofi ule wa katikati. “Jembe liko wapi?” akaita. “Sie kitovu tunaweka kwenye mnazi, na mnazi unakuwa wa mwenye kitovu. Nitauangua mimi mpaka nife. Nikifa ni wake, na hao waliokuja kuona majani waje waone na hili.”

Sikuamini masikio yangu. Nikasema kwa sauti kutoka ndani, “Bibi, si ulisema tung’oe vyote?”

“Nilikataza majani!” akajibu kwa ukali. “Sikumkataza mtoto.”

Mume wangu alikuwa bado ameshika leso. Nilimwangalia na niliogopa kusema, maana kilikuwa kitovu cha ukoo wake na mama yake alikuwa anakingoja, na neno langu lolote lingekuja kuwa kosa langu uzeeni. Alikaa hivyo mpaka bibi akaita mara ya pili. Halafu akalitoa jembe nyuma ya mlango.

Alichimba mwenyewe, akiwa na suruali yake ya kanisani. Majirani walisimama pembeni. Bibi alisema maneno yake kwa Kiarabu, mume wangu akasema ya kwetu, chini chini, nikayasikia. Aliporudi ndani alinawa mikono taratibu kupita kawaida, akakaa kwenye kigoda, macho yamemjaa maji.

“Sasa mama nitamwandikia nini?” akaniuliza.

Nje nilisikia fundi anabisha hodi.

“Mwandikie tumenunua nyumba,” nikasema.